Hesabu na Majina: Ukuaji wa Idadi ya Watu na Mabadiliko ya Makundi ya Kikabila katika Mji wa Zanzibar, 1832–2022

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu Mji wa Zanzibar huanza na orodha ya makabila: Waarabu, Wahindi, Washirazi, Wangazija, Washihiri, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Orodha hiyo huambatana na asilimia zilizochukuliwa katika sensa za kikoloni, hasa ile ya mwaka 1948, kisha asilimia hizo hutumika kueleza siasa za miaka ya 1950, Mapinduzi ya 1964 na hata mijadala ya leo kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni. Insha hii inahoji matumizi hayo. Inachunguza mambo mawili kwa pamoja: namna idadi ya wakazi wa Mji ilivyoongezeka tangu utawala wa Seyyid Said hadi sensa ya 2022, na namna majina ya makundi yaliyotumika kuwahesabu wakazi hao yalivyobadilika.

Hoja ya msingi ni kwamba mambo hayo mawili hayana uzito sawa wa ushahidi. Jumla ya watu, licha ya kasoro zake, inaeleza jambo halisi kuhusu Mji: kwamba ulikua zaidi kwa watu waliowasili kutoka nje, kwamba ulidumaa kwa muda mrefu chini ya ukoloni, na kwamba sehemu kubwa ya ukuaji wake ilitokea Ng'ambo na baadaye Magharibi, si ndani ya Mji Mkongwe. Safu za kabila, kwa upande mwingine, haziwezi kusomwa kama kipimo cha nasaba. Zinapaswa kusomwa kama kumbukumbu ya madai: mkazi alipotaja kabila lake mbele ya karani, alikuwa anajibu pia suala la haki, heshima, mgao, ardhi au kura.

Kwa kuwa mipaka ya Mji ilibadilika mara kwa mara, neno "Mji" hapa lina maana ya Mji Mkongwe pamoja na Ng'ambo, isipokuwa pale inapoelezwa vingine. Takwimu za makabila zinazojadiliwa ni za visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba.

2.0 Mji uliokua kwa watu wa kuja

Kabla ya karne ya 19, rasi ya Shangani ilikuwa na makazi madogo ya wavuvi na wafanyabiashara. Baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, Waomani walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Wenyeji wa kisiwa, yaani Wahadimu na Watumbatu, waliendelea kuwa chini ya watawala wao, na Mwinyi Mkuu alitambuliwa kuwa mkuu wa Wahadimu hadi katikati ya karne ya 19. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmad alipofariki mwaka 1873 cheo hicho kilikoma.

Mabadiliko makubwa yalitokana na uamuzi wa Seyyid Said wa kuhamishia makao yake Unguja kuanzia miaka ya 1830. Kilimo cha karafuu kilihitaji watumwa wengi, na biashara ya pembe za ndovu ilihitaji mitaji. Mitaji hiyo ilitoka kwa kiasi kikubwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, Wahindu na Waislamu, waliotoka Kutch na Gujarat. Baadhi yao, kama Jairam Shivji, walikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Marekani ilifungua ubalozi mdogo mwaka 1837, Uingereza mwaka 1841 na Ufaransa mwaka 1844. Bandari ikawa mahali pa kukutania misafara ya bara na majahazi ya Bahari ya Hindi.

Richard Burton, aliyefika Zanzibar mwishoni mwa 1856, alikadiria kwamba Mji ulikuwa na watu 25,000, na kwamba idadi hiyo ilipanda hadi 40,000 au 45,000 wakati wa musimu wa kaskazi. Makadirio ya msafiri si sensa, lakini tofauti kati ya tarakimu hizo ina maana kubwa. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalijaza Mji watu waliosubiri upepo wa kusi ili warejee. Karibu nusu ya watu waliolala mjini katika miezi hiyo hawakuwa wakazi wa kudumu, lakini wapo waliooa, waliofungua duka, na ambao hawakurejea tena. Katika mazingira hayo, mpaka kati ya mkazi na mpita njia ulikuwa mwembamba. Mtu aliyeitwa Mshihiri katika musimu wake wa kwanza aliweza, baada ya miaka ishirini, kuwa baba wa watoto ambao jirani zao hawakuwaita Washihiri.

Vifo navyo viliathiri ukuaji huu. Kipindupindu kilipiga mwishoni mwa miaka ya 1850, kisha tena mwaka 1869 na 1870, na daktari James Christie aliyekuwa Zanzibar wakati huo alikiandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Maelfu ya watu walifariki, hasa watumwa na maskini waliotumia maji ya visima vifupi. Kwa kuwa Mji uliendelea kukua licha ya vifo hivyo, ni dhahiri kwamba chanzo cha ukuaji wake kilikuwa ni watu waliowasili, wengi wao kwa kulazimishwa.

Ni katika kipindi hiki tunapoona kwa mara ya kwanza jina la kundi likitumika kama dai. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, C. P. Rigby, alishikilia kwamba Wahindi waliokuwa raia wa Kiingereza hawakuruhusiwa kumiliki watumwa, akawalazimisha kuwaacha huru. Tangu hapo, kuwa raia wa Kiingereza kulimpa mfanyabiashara ulinzi wa ubalozi, lakini kulimnyima haki ya kumiliki watumwa. Haishangazi kwamba walikuwapo Wahindi waliochagua kujitambulisha kuwa raia wa Sultani. Nasaba zao hazikubadilika. Kilichobadilika ni faida na hasara ya jina.

3.0 Ng'ambo na mwisho wa utumwa

Mji Mkongwe ulisimama juu ya rasi iliyotenganishwa na upande wa mashariki kwa mkono wa bahari, na daraja lililouvuka ndilo asili ya jina la Darajani. Upande wa pili uliitwa Ng'ambo. Kufikia mwisho wa karne ya 19, Ng'ambo ilikuwa imeenea kupita Mji Mkongwe, na nyumba zake nyingi zilikuwa za miti, udongo na makuti. Mitaa kama Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Mlandege na Kisima Majongoo ilikaliwa na watumwa, mahuru, mafundi, wachukuzi, wavuvi, askari wa Kibulushi, Wangazija, na watu waliohamia kutoka mashamba na bara.

Haifai kudhani kwamba Mji Mkongwe ulikuwa wa Waarabu na Wahindi peke yao huku Ng'ambo ikiwa ya Waafrika. Ndani ya Mji Mkongwe nyumba kubwa ya mawe ilikaliwa na bwana, jamaa zake, masuria, watumwa na wafuasi. Malindi palikuwa na Washihiri na mabaharia. Kiponda na Hurumzi palikuwa na Wahindi wa madhehebu mbalimbali. Ukutani palikuwa na madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, iliyovuta wanafunzi kutoka pwani nzima. Ng'ambo nako waliishi Waarabu na Wahindi wa kipato cha chini. Mgawanyo mkali wa pande mbili ulitiwa nguvu na kanuni za ujenzi na za afya za utawala wa Kiingereza. Mpango wa miji ulioandaliwa na H. V. Lanchester mwaka 1923 uliichukulia Ng'ambo kuwa mtaa wa wenyeji, uliopasa kupangwa kwa namna tofauti na mji wa mawe.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Seyyid Barghash. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria waliingizwa katika sheria hiyo mwaka 1909. Kwa wakazi wengi wa Ng'ambo, sheria hizi zilifungua suala gumu: mtu aliyeletwa utotoni kutoka nchi ya Wayao, Wanyasa au Wamanyema, au aliyezaliwa Unguja na mama mtumwa, aitwe nani sasa? Kuitwa kwa jina la kabila la bara kulikumbusha utumwa. Kuitwa Mswahili kulimweka mtu katika jamii ya Waislamu wa pwani, lakini jina hilo nalo lilianza kupungua thamani kadiri lilivyochukuliwa na mahuru wengi zaidi.

Maisha ya Siti binti Saad yanaonyesha ugumu huu. Kwa mujibu wa wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, alizaliwa Fumba, baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mdigo. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba kwa Kiarabu na Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Mwimbaji huyu aliyesikilizwa katika majumba ya Waarabu na Wahindi na katika vibaraza vya Ng'ambo angeweza kuandikwa na karani kwa jina la baba, la mama, la mahali alipozaliwa au la lugha aliyoimbia. Kila jibu lingekuwa na ukweli wake, na hakuna ambalo lingetosha.

Ardhi ilikuwa upande mwingine wa suala hilo hilo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ng'ambo ilikuwa mali ya wakfu au ya matajiri, na awali wafuasi na watumwa walijenga juu yake bila kodi au kwa kodi ndogo. Ardhi ya mjini ilipopanda thamani, kodi za viwanja zilipanda pia. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa, na serikali ikalazimika kuingilia kati. Waliogoma walikuwa na asili nyingi; kilichowaunganisha ni kuwa wapangaji wa ardhi, jambo ambalo halikuwa na safu katika jedwali lolote la makabila.

4.0 Mji unaohesabiwa: 1910–1958

Hesabu ya kwanza inayotoa msingi wa kulinganisha ni ya mwaka 1910. Jedwali lifuatalo linaonyesha idadi ya watu wa Mji na sehemu yake katika idadi ya watu wa Unguja.

Jedwali 1: Wakazi wa Mji wa Zanzibar na wa kisiwa cha Unguja

| Mwaka | Mji | Unguja | Mji kwa asilimia ya Unguja |
|---|---|---|---|
| 1910 | 35,262 | 114,069 | 31 |
| 1931 | 45,276 | 137,741 | 33 |
| 1948 | 45,284 | 149,575 | 30 |
| 1958 | 57,923 | 165,253 | 35 |
| 1967 | 68,490 | 190,494 | 36 |
| 1978 | 110,506 | 270,807 | 41 |
| 1988 | 157,634 | 375,539 | 42 |

Jambo la kwanza linalojitokeza ni kudumaa. Kati ya 1931 na 1948 idadi ya wakazi wa Mji haikuongezeka. Hata tukitazama miaka yote 38 kuanzia 1910 hadi 1948, sehemu ya Mji katika Unguja ilibaki kati ya asilimia 30 na 33. Bandari iliyokuwa lango la Afrika Mashariki ilikuwa imepoteza nafasi yake. Reli ya Uganda ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901 na kuipa Mombasa biashara ya bara. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na kuipa Dar es Salaam faida kama hiyo. Kuingizwa kwa watumwa kulikwisha, na karafuu, zao kuu la biashara, liliajiri watu mashamba na Pemba zaidi kuliko mjini.

Hata hivyo, idadi isiyobadilika haina maana ya watu wasiobadilika. Katika miaka hiyo hiyo Wamanga walifika kutoka Oman na kufungua maduka madogo. Wachumaji wa karafuu walivuka kutoka Tanganyika, na baadhi yao walibaki Ng'ambo kama wachukuzi na vibarua wa bandari. Vijana wa Makunduchi na Tumbatu walikuja mjini kutafuta kazi. Na wengine waliondoka au kufariki. Mgomo mkubwa wa 1948 ulianzia kwa wafanyakazi wa bandari, kundi lililokuwa na watu wengi kutoka bara. Jumla ya mwaka 1948 ilikaribia kulingana na ya 1931, ilhali watu waliohesabiwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, wengine.

5.0 Majina yaliyohama: 1924–1948

Sensa za kikoloni ziliuliza kabila, na majibu yake yanatupatia jaribio zuri la hoja ya insha hii. Mwaka 1924 takriban watu 34,000 waliandikwa kuwa Waswahili. Mwaka 1931 waliojiita hivyo walikuwa takriban 2,000 tu. Katika muda huo huo, Waarabu waliongezeka kutoka takriban 19,000 hadi zaidi ya 33,000.

Tuchukue kwanza maelezo ya kawaida, yaani kuzaliwa, kufa na kuhama. Jumla ya watu wa visiwa viwili mwaka 1924 ilikuwa takriban 217,000, na mwaka 1931 ilikuwa 235,428. Ongezeko lote la miaka saba lilikuwa kama watu 18,000. Ili Waarabu waongezeke kwa zaidi ya 14,000 kwa njia ya uzazi na uhamiaji peke yake, ingebidi wakue kwa zaidi ya asilimia 8 kila mwaka na kuchukua zaidi ya robo tatu ya ongezeko lote la nchi. Uhamiaji wa Wamanga na Washihiri ulikuwapo, lakini haukuwa wa kiasi hicho. Aidha, Waswahili 32,000 hawakufa wala kuhama. Hakuna maafa wala msafara uliowaondoa. Maelezo yanayobaki ni kwamba watu wale wale walitoa jibu tofauti. Baadhi walijiandikisha kuwa Waarabu, na wengine Washirazi, Wahadimu au Watumbatu.

Kwa nini majibu yalibadilika? Sababu ya kwanza ni heshima. Jina la Mswahili lilikuwa limeanza kumaanisha mtu asiye na asili, kwa maana nyingine mjukuu wa mtumwa. Mzazi aliyetaka mwanawe aoe katika nyumba ya kiungwana alikuwa na sababu ya kuliacha.

Sababu ya pili ni mfumo wa utawala wenyewe. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wake wasio maofisa waligawanywa kwa mbari: Waarabu watatu, Wahindi wawili na Mzungu mmoja. Waafrika hawakuwa na mjumbe hadi 1946, alipoteuliwa Ameri Tajo. Serikali ilizungumza na watu kupitia jumuiya zao, kwa hiyo watu walijipanga katika jumuiya. African Association iliundwa mwaka 1934, na Shirazi Association ilianza Pemba mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula na nguo viligawanywa kwa kufuata makundi, na Waarabu na Waasia walipewa mchele kwa masharti tofauti na Waafrika. Jina lililoandikwa katika daftari liliamua kilichoingia chunguni.

Sensa ya 1948 iliandikwa mara baada ya uzoefu huo. Katika watu 264,162 wa visiwa viwili, Washirazi walikuwa 148,480, yaani asilimia 56. Waafrika wa asili ya bara 51,380, karibu asilimia 20. Waarabu 44,560, karibu asilimia 17. Na Waasia 15,892, asilimia 6. Waliobaki walikuwa Wangazija na makundi mengine madogo. Jedwali hilo limenukuliwa katika vitabu vingi kana kwamba linaeleza asili za Wazanzibari. Msomaji anayelilinganisha na sensa za 1924 na 1931 ataona kwamba linaeleza kitu kingine: namna Wazanzibari walivyotaka kutambuliwa na serikali yao katika mwaka mmoja mahususi.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kama watu walibadilisha majina, basi makabila ya Zanzibar yalikuwa ni uzushi wa wakoloni. Insha hii haifiki huko. Ushirazi ulikuwapo katika simulizi za pwani kabla ya Waingereza. Ukoo wa Mwinyi Mkuu na mila za Wahadimu na Watumbatu ni historia halisi. Watu walichagua kati ya majina waliyokuwa nayo tayari, na mara nyingi kila jina walilochagua lilikuwa na babu au bibi wa kulithibitisha. Kilichofanywa na sensa ni kumtaka mtu mwenye asili nne ataje moja.

6.0 Kutoka asilimia hadi kura

Sensa ya 1958 haikutenganisha Waafrika na Waarabu. Ukimya huo ni ushahidi kwamba serikali yenyewe ilikuwa imetambua hatari ya swali. Siasa, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kuchukua tarakimu za 1948. Mwezi Februari 1957 African Association na Shirazi Association ziliunda umoja uliokuja kuwa Afro-Shirazi Party, na katika uchaguzi wa Julai mwaka huo Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin wa Zanzibar Nationalist Party katika jimbo la Ng'ambo. Kwa hesabu ya makabila, Washirazi na Waafrika wa bara pamoja walikuwa robo tatu ya watu, na hesabu hiyo ilionekana kuamua matokeo ya chaguzi zote zijazo.

Haikuamua. Mwaka 1959 sehemu ya viongozi wa Kishirazi, hasa wa Pemba, walijitenga na kuunda Zanzibar and Pemba People's Party. Katika uchaguzi wa Juni 1961 ghasia zilizuka na watu 68 waliuawa, wengi wao Wamanga. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Kama kabila la sensa lingekuwa sawa na msimamo wa kisiasa, chama hicho kingepata robo tatu ya kura. Wapiga kura wengi walioandikwa kuwa Washirazi waliunga mkono muungano wa vyama vilivyopingana nacho. Wakati huo huo, wafuasi wa chama hicho waliona kwamba wingi wao wa kura ulikuwa haukuzaa serikali. Pengo hilo kati ya hesabu na madaraka lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia Mapinduzi ya 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru.

Mapinduzi yalibadilisha wakazi wa Mji kuliko tukio lolote tangu kufutwa kwa utumwa. Waarabu wengi waliuawa au kuondoka. Waasia wengi walihama katika miaka iliyofuata, kwenda Dar es Salaam, Mombasa, Bara Hindi na Uingereza, na Waarabu waliondoka kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kukodishwa kwa familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba, mara nyingi chumba kwa chumba. Licha ya uhamaji huo, Mji ulikuwa na watu 68,490 mwaka 1967, zaidi ya 10,000 kuliko mwaka 1958. Nafasi za walioondoka zilijazwa na kuzidi.

7.0 Mji bila safu ya kabila

Kati ya 1967 na 1978 Mji ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka, kasi ambayo haikuonekana katika kipindi chote cha ukoloni. Majengo ya Michenzani yalikata Ng'ambo kwa barabara pana na kuondoa nyumba nyingi za zamani. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ukuaji wa baadaye ulihamia nje ya mipaka ya zamani. Wilaya ya Mjini ilikuwa na watu 206,292 mwaka 2002, na 223,033 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na takriban 219,000, kupungua kidogo. Katika miaka hiyo hiyo ishirini, eneo la Magharibi, linalojumuisha sehemu kama Fuoni, Mwanakwerekwe na Bububu, lilipanda kutoka 184,710 hadi takriban 674,000. Mkoa wa Mjini Magharibi ulifikia watu 893,169 mwaka 2022, yaani theluthi mbili ya watu 1,346,332 wa Unguja. Hesabu ya mkoa si hesabu ya mji, na haifai kulinganishwa moja kwa moja na Jedwali 1. Lakini inaonyesha kwamba maisha ya mjini sasa ndiyo maisha ya Wanguja walio wengi.

Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza kabila. Kwa sababu hiyo, kila maandishi yanayotoa asilimia za makabila ya Zanzibar ya leo yanategemea, moja kwa moja au kwa kuzunguka, majibu ya mwaka 1948. Wakati huo huo, suala la nani mwenyeji halikutoweka. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, kinahitajika katika uandikishaji wa wapiga kura, na ukaazi umekuwa kipimo kipya cha haki ya kushiriki. Karani aliyeuliza "kabila gani?" ameondoka, sheha anayethibitisha "mkaazi wa wapi?" amechukua sehemu ya kazi yake.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unafikia mambo matatu. Kwanza, Mji wa Zanzibar ulikuzwa na watu wa kuja katika kila awamu: wafanyabiashara na watumwa katika karne ya 19, vibarua na wenye maduka wakati wa ukoloni, familia za mashamba, za Pemba na za bara baada ya 1964. Hakuna awamu inayompa mtafiti wakazi wa asili ambao wengine wote wanaweza kupimwa kwao.

Pili, kudumaa kwa idadi kati ya 1931 na 1948 kunapaswa kupewa nafasi kubwa zaidi katika historia ya Mji. Mashindano ya mgao, kazi na uwakilishi yaliyoyatia ukali majina ya makabila yalitokea katika mji ambao uchumi wake wa bandari ulikuwa umekwama.

Tatu, takwimu za kabila za 1924, 1931 na 1948 zisinukuliwe kila moja peke yake. Zikinukuliwa pamoja zinatufundisha namna watu walivyotumia jina kudai haki. Ikinukuliwa moja tu, inarudia dai la mwaka mmoja na kulifanya nasaba ya kudumu. Utafiti zaidi unahitajika katika kumbukumbu za ardhi, za wakfu na za ndoa zilizohifadhiwa Zanzibar, ambako mkazi yule yule anaweza kuonekana akiandikwa kwa jina moja mbele ya kadhi na kwa jina jingine mbele ya mkusanya kodi. Ni katika ulinganisho wa namna hiyo, mtaa kwa mtaa, ndipo historia ya watu wa Mji itakapoweza kuandikwa bila kutegemea jedwali lililoandikwa zaidi ya miaka sabini iliyopita.